Kisima Kilichofukizwa Kama Kibuyu cha Maziwa

Nilistaafu mwezi uliopita, na jambo la kwanza nililofanya ni kulala mpaka jua likanichoma usoni. La pili ni hili la kuandika. Ninyi vijana wa visima mliobaki pale Garsen mmenisumbua miaka mingi, "Mzee Komora, andika," nami nikawa nawajibu kwamba mkono wangu unaujua mtaimbo kuliko kalamu, na ni kweli. Nilisoma kwa wamisheni hadi darasa la pili, baba akanitoa kwa sababu nyani walikuwa wanamaliza mahindi na hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Sasa mwalimu wa sayansi wa hapa naye amenijia. Analalamika kwamba wanafunzi wake wanaweza kuyaimba majina ya vitu vyote vilivyomo ndani ya hewa, lakini hakuna hata mmoja anayeamini kwamba hewa ni kitu. Nikamwambia mimi ninaamini. Niliamini siku moja kabla ya adhuhuri, nikiwa nimelala kifudifudi mdomoni mwa kisima. Basi naandika mara moja kwa wote wawili, ninyi na wale wanafunzi.

Mishahara na vyeo sitavitaja. Vilikuwa vidogo na havina hadithi.

Niliingia kazini miaka ya hamsini, Mzungu angali yupo. Nilitoka kwetu Kinakomba kwa mtumbwi, nimemwacha mke na mtoto mmoja, nikashuka na mto mpaka Garsen. Garsen ya siku zile ilikuwa kivuko, maduka machache ya Wasomali, na mbu. Kivuko kilivutwa kwa kamba, na lori likipanda, kila mtu aliyekuwa juu yake alikumbuka dua. Lakini nisipotee. Nilikuwa nasema niliingia kazini. Kikosi chetu kilikuwa cha kuchimba na kuzibua visima vya wafugaji huko nyikani, mbali na mto, na mkubwa wetu alikuwa Fundi Athumani, mtu wa Kipini, mwembamba, ndevu chache, maneno mengi. Kwao hata maji huyaita mai, na alikuwa akiniambia kwamba sisi wa mtoni tunayaongezea herufi ndiyo maana yanachelewa kutoka.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa sururu. Akanipa taa ya chemli.

"Huyu ndiye mkubwa wako," akasema. "Mimi ni wa pili."

Mwezi mzima sikugusa jembe. Kazi yangu ilikuwa kuiwasha taa ile, kuifunga kamba, kuishusha kisimani polepole hadi chini, na kuhesabu. Fundi hakusema nihesabu mpaka ngapi. Alisema, "Hesabu ng'ombe wa Barisa, mmoja mmoja, usimruke hata ndama." Barisa alikuwa mfugaji wa huko nyikani, nitamfikia. Mwali ukisimama vizuri, mtu anashuka. Ukinywea au ukizimika, hakuna anayeshuka, hata kama juu wanalia kwa kiu. "Moto na mtu wanakula sahani moja," ndivyo alivyonifundisha. "Sahani ikiwa tupu, moto hulala kwanza." Mara ya kwanza niliishusha kwa pupa, ikapiga ukutani, kioo kikavunjika. Fundi akachungulia, akasema, "Hewa ya humu ina kucha." Nilikatwa gharama ya kioo.

Sheria zake nyingine zilikuwa mbili. Anayeshuka hufungwa kamba kifuani, chini ya makwapa, wala haivui. Na anayeshuka huzungumza. Hakuna kunyamaza kisimani. Wengine huimba, Fundi yeye alisimulia ugomvi wake na jirani yake wa Kipini juu ya mnazi uliokuwa mpakani. Nilikaa naye miaka mingi na sikuwahi kujua mnazi ule ulikuwa wa nani. Maana yake ni kwamba aliye juu asikie sauti. Sauti ikikatika, vuta kamba, usiulize.

Tena tulipenda kushuka alfajiri. Fundi alisema kisima hupumua alfajiri. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Baadaye niliambiwa sababu yake: alfajiri nje kuna baridi na ndani ya kisima kuna uvuguvugu, hewa yenye joto ni nyepesi, inapanda, na ile ya baridi inashuka kushika nafasi yake. Mchana ni kinyume. Hewa ya kisimani ni baridi na nzito, inalala pale chini kama fisi aliyeshiba. Kilichomo kinabaki humo.

Haya, sasa nije kwa Barisa.

Barisa alikuwa Mworma, mtu mzima, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Kisima chao kilikuwa na pima nane kwenda chini, na kilikuwa kimekaa zaidi ya mwaka kimejaa tope. Kiangazi kilikuwa kikali. Ng'ombe wakubwa walikuwa wamepelekwa mtoni, mwendo wa nusu siku, na pale bomani walibaki ndama, watoto, na mama yake Barisa, ambaye sote tulimwita Ayo, yaani mama kwa lugha yao. Walikuwa na pipa moja la maji, nusu yake imekwisha. Hilo ndilo lililokuwa la kuwafikisha mpaka kisima kifunguke.

Tulitoa tope siku mbili. Siku ya pili kamba ikaanza kukatika nyuzi, Fundi akaenda Garsen kutafuta nyingine. Akaniachia kisima. Aliniambia, "Kesho nikirudi nataka nikute umeshapima."

Alfajiri Ayo akaja na debe bovu limejaa makaa mekundu, ya ule mti wao wenye harufu nzuri. Kama hujawahi kukaa na Waorma, nikueleze. Kibuyu cha maziwa hakitiwi maziwa hivihivi. Hufukizwa kwanza kwa makaa ya miti fulani, moshi ukaingia ndani, uvundo ukaondoka, na maziwa hayaharibiki upesi. Ni kazi safi, na maziwa yake hutayasahau. Ayo alikuwa amekinusa kisima chake, kinanuka tope na vyura waliokufa, na akili yake ikamwambia jambo lililo wazi.

"Chombo nakaa mwaka bila maziwa," Barisa akanitafsiria, "mama nafukiza kwanza. Hii kisima ni chombo."

Sikuona neno la kubisha. Nilimheshimu yule mama, na isitoshe na mimi nilikuwa nimechoka na ule uvundo. Nilimsaidia. Kamba ya taa nikaifunga kwenye debe, nikalishusha kwa mikono yangu mwenyewe. Likakaa chini makaa yakiwaka taratibu hadi jua likapanda. Tulipolitoa lilikuwa majivu matupu, na kisima kinanukia kama nyumba ya bibi harusi. Ayo akafurahi. Nami nikafurahi.

Kisha nikashusha taa, nikahesabu ng'ombe wote wa Barisa na nikaongeza mbuzi. Mwali ulisimama wima.

Saa tano hivi Fundi akashushwa na lori la mwenye duka mmoja Msomali lililokuwa likipita, likaendelea na safari yake. Alikuja na kamba mpya begani na haraka mwilini, maana alijua lile pipa.

"Umepima?"

"Nimepima, fundi. Taa inawaka vizuri."

"Basi."

Hapo ndipo nilipokosea, na naomba mpaangalie vizuri, kwa sababu sikusema uongo. Sikumwambia habari za makaa. Niliona ni mambo ya kina mama na vibuyu vyao, hayahusu kazi. Kuulizwa nimeulizwa, kujibu nimejibu.

Akashuka kwa ile kamba ya zamani, kwani ile mpya alitaka kwanza ilowekwe. Kutoka chini nikamsikia anacheka. "Komora! Humu ndani nani alikuwa akikamua? Kunanuka kibuyu." Nikacheka pia. Akaanza kuchota tope, tukavuta ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, naye akisimulia mnazi. Kwenye ndoo ya nne nikaona anarudia. "Nikamwambia, jirani, nazi zikianguka kwangu… nikamwambia, jirani… nikamwambia." Halafu kimya.

"Fundi?"

Kimya.

Nikavuta kamba. Ikaja nyepesi, kama ya mbuzi aliyeikata akaenda zake. Alikuwa ameivua ili apate nafasi ya kuinama. Mtu aliyetunga sheria ndiye huyo.

Galgalo, mdogo wake Barisa, alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. Nikamkamata shuka.

"Wacha mimi. Mtu nakufa."

"Ukishuka watakuwa wawili."

"Wewe naogopa."

"Ndiyo, naogopa. Toa mguu."

Alinitazama kwa dharau ambayo naiona hadi leo, lakini akatoa mguu. Vijana, hilo ndilo jambo ningetaka mlichukue hata kama mtatupa mengine yote. Kisima kibaya hakiui mmoja. Kinaua mmoja, halafu kinaua ndugu yake anayemfuata, halafu rafiki anayewafuata wote wawili. Nilikuwa nimesikia habari hizo kwa Fundi mwenyewe.

Alinifundisha pia kwamba hewa mbaya hufukuzwa kwa njia mbili. Moja ni kuitwanga: unafunga matawi yenye majani mengi, unayashusha na kuyapandisha kwa nguvu, kama mtwangio kinuni. Galgalo na wenzake walikata matawi ya mti wa mswaki wakafunga mzigo mkubwa, wakaanza. Njia ya pili ni kumwaga maji. Maji yakianguka kutoka juu, hukokota hewa safi kwenda nayo chini. Lakini lazima yawe mengi, na yamwagwe mfululizo.

Nikamgeukia Barisa. Sikuhitaji kusema. Aliliangalia pipa, akawaangalia ndama waliofungwa.

"Jioni ndama nakunywa nini?"

"Sijui."

"Watoto?"

"Sijui, Barisa."

Ayo alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisema maneno machache kwa Kiorma, bila kupaza sauti. Barisa akainama akashika ukingo wa pipa.

"Mama nasema, yeye ndiye nafukiza. Mwaga."

Tukamwaga. Wanawake walichota, wakapokezana, kata baada ya kata, maji yakashuka kama mkia wa farasi. Matawi yanapanda, yanashuka. Nimelala kifudifudi naita jina lake, na chini hakuna kitu ila maji yakianguka juu ya tope. Nilifikiri juu ya mkewe huko Kipini, nikafikiri nani atakwenda kumwambia, nikajua ni mimi. Pipa likaanza kutoa sauti ya utupu.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Sijui niwaeleze vipi. Kilikuwa kikohozi kibovu, cha mvuta tumbaku, na sijawahi kusikia kitu kilichonipendeza zaidi. Nikajifunga kamba mpya kifuani, nikaichukua ya zamani mkononi, nikawaambia wasiache kutwanga wala kumwaga kilichobaki, na nikiacha kuhesabu kwa sauti wanitoe hata kama sijafika. Nikashuka nikihesabu, maji yananimwagikia kichwani. Fundi alikuwa ameketi ameegemea ukuta, tope magotini, kichwa kimelowa. Akanitazama akaniuliza kwa upole sana, "Umemlisha paka?" Hatukuwa na paka. Nikamfunga, wakamvuta, halafu mimi. Nilipofika juu kichwa kilikuwa kinapigwa nyundo, na nilikuwa chini kwa muda wa kuhesabu kama mia mbili tu.

Tulimlaza upande upepo unakotoka. Alitapika, akapewa maziwa, akatapika na hayo. Alipoweza kuongea aliuliza, "Mlichoma nini humo?"

Nikamwambia.

"Nilikuuliza kama umepima."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umepima."

"Ndiyo. Lakini makaa yaliwaka humo tangu alfajiri, nami nikakaa kimya."

Akafumba macho. "Kichwa kinaniuma, Komora. Nitakutukana kesho."

Kesho yake hakunitukana. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Jioni ileile Barisa na Galgalo waliwahamisha watoto na ndama kwenda mtoni, wakitembea polepole kwenye ubaridi. Ndama wote walifika, mmoja amebebwa mabegani. Sisi tulikiacha kisima wazi, tukakitwanga kwa matawi alfajiri mbili, na ya tatu tukamaliza tope kikosi kizima kikiongea kama soko. Maji yakatoka, yana chumvi kidogo, lakini maji. Ayo alipotaka kuleta tena makaa nilimwomba afukize ndoo huku juu, si kisima. Alifikiri, akakubali. Tangu hapo nimefanya hivyo katika kila boma, na nawaambia, maji ya ndoo iliyofukizwa ni matamu. Msiwanyime watu desturi yao. Isogezeni tu mbali na shimo.

Fundi alipelekwa kwao Kipini kupumzika. Baada ya majuma mawili nikatumwa nimpelekee sanduku lake la vyombo. Nilishuka na mto kwa mtumbwi, na njiani nikalala kwa binamu yangu aliyekuwa mwalimu kwenye shule ya wamisheni. Binamu huyu alikuwa amesoma hadi akavaa miwani. Nikamsimulia yote, nikamwambia swali linalonitafuna: taa yangu iliwaka. Je, nilihesabu vibaya? Nilipofuka?

Binamu alinipeleka darasani. Kwanza alichukua glasi tupu, akaigeuza mdomo chini, akaizamisha wima kwenye karai la maji. Maji hayakupanda ndani ila kidogo sana. "Kwa nini?" akaniuliza. "Kwa sababu imejaa," nikasema. Akafurahi, akasema wanafunzi wake walisema haina kitu.

Kisha akanionyesha chupa nyembamba iliyosimama kichwa chini ndani ya maji, na juu ndani yake amebandika unga wa chuma alioulowesha. Ilikuwa hapo wiki nzima. Chuma kilikuwa kimeshika kutu, na maji yalikuwa yamepanda ndani ya chupa mpaka fungu moja katika mafungu matano, yakasimama hapo. Hilo fungu moja, akasema, ndilo oksijeni, ambayo kutu imeila. Akaziba mdomo wa chupa kwa kidole, akaigeuza, akatumbukiza kijiti chenye moto. Kikazimika papo hapo. Yaliyobaki karibu yote ni naitrojeni, isiyowasha wala kulisha. Ukitaka hesabu kamili, katika kila mafungu mia, sabini na nane ni naitrojeni, ishirini na moja oksijeni, na lile moja wamegawana wadogo, akiwemo agoni, na kabonidioksaidi ambayo ni chembe tu. Mvuke wa maji ni juu ya hayo, na hapa mtoni ni mwingi, mwulize aliyeweka chumvi ikamlowea.

"Sasa taa yako," binamu akasema. Makaa yakiwaka mahali penye hewa haba hutoa gesi mbili. Moja ni kabonidioksaidi, nzito, hutuama mashimoni, na ikizidi huzima taa. Ya pili ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na kidogo tu humlaza mtu, kwa sababu huingia kwenye damu ikakalia kiti cha oksijeni. Na kidogo hicho hakizimi taa. Mwali unasimama wima, mtu anaanguka.

"Kwa hiyo taa ilinidanganya."

"Haikukudanganya. Uliiuliza swali moja, ukadhani imejibu mawili."

Nilikaa juu ya dawati la mtoto. Macho yangu hayakuwa mabovu. Mzigo ulipungua nusu, na nusu iliyobaki niliijua ni ya nani.

Kesho yake nikapita Kau, nikafika Kipini jua likiwa bado kali. Fundi alikuwa ameketi barazani anasuka wavu, amenona kidogo. Alinipokea vizuri mno. Lakini mlangoni alisimama mkewe, Bi Zaina, ambaye sikuwahi kumwona, mikono yake imejaa unga wa mchele.

"Wewe ndiye Komora," akasema.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Fundi aliendelea kusuka wavu wake. Nilitua sanduku. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Garsen, ya mzunguko, yenye kuanzia kwa kiangazi na kupitia kwa Waorma, na yote yakanitoka.

"Mama, makaa niliyashusha mimi. Fundi aliporudi aliniuliza, nami sikumwambia. Kama angekufa, ni mimi."

Bi Zaina akapangusa mikono kwenye leso.

"Alishaniambia siku aliyofika," akasema. "Amesema utakuja na kisa cha ng'ombe na jua kali. Nikamwambia, hebu tungoje tusikie."

Akaingia ndani, akarudi na sinia la wali na samaki, akaliweka kati yangu na Fundi.

"Nawa mikono, baba. Utakula kwanza, halafu atakutukana. Ameyaweka matusi yako majuma mawili."

Nikanawa, nikala. Naye Fundi alitimiza ahadi, tangu alasiri hadi magharibi, bila kurudia neno hata moja.